Nyuma ya Kigae

Harufu ya simiti nyeupe ikikorogwa na maji hunirudisha utotoni. Wengine hukumbuka kwao kwa harufu ya samaki wa kukaanga, au mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Mimi hukumbuka kwa simiti. Wiki iliyopita nimekaa nayo siku nne ndani ya nyumba yangu mwenyewe, tena kwa kupenda, kwa sababu nilikuwa natengeneza bafu. Mume wangu alisema tuite fundi, nikamwambia fundi wa nini. Nimelelewa na mtu aliyejifundisha kazi hiyo kutoka gazetini, na kubandika kigae ukutani kikakaa sawa najua. Cha nne nilichobandika nikakigonga kwa mpini wa nyundo kukijaribu, kikalia utupu, to, to, to, kama debe. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji, nikalia mpaka mume wangu akaja mbio akidhani nimejikata.

Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimerudi kwetu Mamboleo, nina miaka tisa, na Dani yuko jikoni.

Dani kwa Kijaluo ni bibi, yaani nyanya. Huyu wangu alikuwa mama yake Mama, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye bega bovu la kulia lililomfanya ashindwe hata kujifunga kitambaa kichwani bila msaada. Alikuja kwetu kutoka kijijini kwake, Katito, akiwa na kidonda chini kidogo ya goti, kidonda kilichokataa kupona. Daktari alimweleza Mama mambo yote, nami nimeshika sketi yake nasikia. Kioshwe kila siku kwa maji safi ya uvuguvugu. Aje kufungwa bandeji mara tatu kwa wiki. Asikanyage matope, asianguke. Akivumilia hivyo miezi mitatu, mguu utapona, na asipofanya hivyo utakatwa. Alisema "utakatwa" huku akiandika, bila kuinua uso. Kwa hivyo Dani hakuja kututembelea. Alikuja kuokoa mguu wake, na kule nyumbani hakukuwa na mtu wa kumchemshia hata maji.

Wenzangu wa kando ya ziwa mmeshajua shida ilikuwa wapi. Mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hagusi kitanda chake, na zaidi ya yote haogi bafuni kwake, maana mahali mkwe anapovua nguo, yeye hawezi kuvua zake. Ikitokea hivyo ni chira, ile laana inayowakausha watoto wa nyumba mmoja baada ya mwingine. Kwa hivyo Dani alilala jikoni, chumba kidogo cha nje kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba, ambacho kimila hakihesabiwi kuwa nyumba. Mama alimtandikia godoro kando ya gunia la makaa. Kuoga, alioga uani, ndani ya mabati manne yasiyo na paa, juu ya jiwe moja bapa lililoota ukungu wa kijani. Mvua ikinyesha, pale pote palikuwa matope matupu.

Mwezi huo huo Baba akaanza kutengeneza bafu la ndani.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka yale magazeti ya Jumamosi yenye kurasa za mambo ya nyumba. Baba alikuwa karani wa stoo, mtu wa mashati ya kupigwa pasi, na alizikata zile kurasa kwa wembe akazihifadhi kwenye faili kama vyeti vya shule. Kulikuwa na ukurasa mmoja aliopenda kuliko yote. Ulikuwa na picha ya bafu jeupe pe, na ndani yake bibi kizee wa kizungu, nywele nyeupe pe pia, ameshika chuma kilichofungwa ukutani, anacheka na meno yake yote. Baba aliibandika picha hiyo mlangoni kwa gundi. Halafu akakunja mikono ya shati.

Mimi nikaiangalia ile picha, nikamwangalia Dani kule jikoni na nywele zake nyeupe, nikaelewa kila kitu. Baba alikuwa anamtengenezea Dani bafu. Sikumwuliza mtu. Mtoto wa miaka tisa akishaelewa jambo haulizi.

Na kila alichofanya kilinithibitishia. Alikwangua rangi kuukuu ya kijani, akapiga msasa mpaka nyusi zake zikawa nyeupe. Akabadilisha mfereji uliokuwa ukidondoka tangu nizaliwe. Akatandika mkeka wa mpira wenye vitundu, mtu asiteleze. Akatoboa ukuta, akafunga chuma cha kujishikilia, kwa sababu kwenye picha kilikuwepo. Ni nani nyumbani kwetu aliyehitaji kujishikilia kama si Dani? Nikampenda Baba wiki zile. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ni kweli, nilimpenda mpaka nikamwombea kanisani.

Vigae alivinunua mabaki dukani, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya maziwa. Tulivilowesha kwenye beseni. Kazi yangu ilikuwa kuweka njiti za kiberiti kati ya kigae na kigae, ili nafasi zilingane, na nikikosea alinipiga kofi dogo la kisogo bila kuacha kuimba wimbo wa kanisa. Kikishika, alikigonga kwa mpini wa nyundo akitega sikio. "Sikia," aliniambia. "Hii imeshiba. Iko na simiti nyuma yote." Akagonga vile vya safu ya chini, karibu na mfereji, vikalia to, to. Akafyonza. "Hizi ziko na hewa. Siku moja nitazitoa, nizirudie." Vilivyobaki akavitia kwenye boksi, akasukuma boksi chini ya kitanda.

Na Dani je? Baba hakuzungumza naye moja kwa moja, na hilo lilikuwa heshima, kila mtu angesema hivyo. Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni. Lakini Baba aliigeuza heshima ikawa rungu. Alisimama mlango wa nyuma, uso kaugeuzia ukuta, akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Akinyi, ambia nyanya yako hiyo kitu anafunga mguuni inanuka mpaka sebuleni." Siku nyingine, "Akinyi, uliza nyanya yako kama kwao hakuna hospitali." Mimi nikatumwa hatua kumi kubeba maneno ambayo mwenyewe alishayasikia. Nilipofika, Dani alinishika shavu na kusema, "Nimesikia, nyathina. Mwambie asante." Nyathina ni mwanangu. Nikarudi kwa Baba nikasema asante.

"Usijali Dani," nilimwambia. "Baba anakutengenezea bafu. Ngoja tu simiti ikauke."

Dani alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Bafu ya mkwe wangu? Yawa! Huyu mtoto ataniletea balaa." Lakini baadaye aliniuliza polepole, "Hiyo chuma umesema iko upande gani, kulia ama kushoto?" Nikamwambia kushoto. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana mkono wake mzima ulikuwa wa kushoto.

Bafu likaisha. Baba akatia kufuli mlangoni na kutundika ufunguo kwenye msumari wa juu sebuleni, ule wa kalenda, na akasema lisiguswe mpaka wageni wake wa ofisini waje walizindue. Nilisikia "wageni". Sikuelewa. Nilifikiri ni njia ya kumfanyia Dani jambo la ghafla, kama zawadi.

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alikuwa sokoni kwenye cherehani yake, Baba kazini, nami nilirudi shule mapema. Nikamkuta Dani amekaa matopeni ndani ya yale mabati, leso imemfungukia, anashindwa kuinuka. Jiwe lilikuwa limemwangusha. Bandeji imetoka, kidonda kimejaa tope, na alikuwa hapigi kelele, ananung'unika tu kwa Kijaluo akimwambia Mungu maneno nisiyopaswa kuyasikia. Nilimwinua kwa mkono wake mzima.

"Dani, twende ndani. Kuna maji ya moto na chuma."

"Haiwezekani, mama. Unajua haiwezekani."

Hapo ndipo nilipodanganya. Nilisema, "Baba amesema uingie. Amesema leo asubuhi. Amesema simiti imekauka."

Akanitazama muda. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. "Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi kama mwenye nyumba amesema," alisema Dani, "mimi ni nani?"

Nikabeba stuli ya jikoni mpaka sebuleni, nikapanda, nikatungua ufunguo. Nikamjazia beseni maji ya uvuguvugu kama daktari alivyoagiza. Dani aliingia akipapasa vile vigae kwa kiganja, kimoja kimoja. Akakishika kile chuma, akaketi, akaanza kujimwagia maji, akasahau maumivu. "Akinyi! Kuja uone, nimekuwa mzungu!" Nikachungulia. Nywele nyeupe, mkono kwenye chuma, meno yote nje. Alikuwa picha ile ile ya mlangoni, na nilifurahi kiasi cha kurukaruka. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Baba akarudi kuchukua mwavuli.

Hakupiga kelele. Alisimama kwenye korido, akasikia mtu anaimba bafuni kwake na akaijua sauti. Akaniangalia. Akazungusha macho sebuleni yote, taratibu, kama mtu anayekagua stoo. Halafu akatoka nje, akasimama mvuani na mgongo wake kwa nyumba, mpaka Dani akatoka akiwa amejifunga leso na kumwona. Dani alitoa sauti ndogo tu. Alipita ubavuni mwa nyumba kwa ule mguu, hata hakushika ukuta, akajifungia jikoni.

Mama aliitwa kutoka sokoni. Baba alimweka pale mlango wa jikoni, mimi katikati, akauliza akiwa ameelekea ukuta kama kawaida yake, "Nani amefungua bafu yangu? Nataka kujua. Kama ni mtoto, nitamchapa mpaka akumbuke. Kama ni mtu mzima, basi mtu mzima anajua cha kufanya."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini niliuona mkanda wa Baba, na neno halikutoka.

Dani alifungua mlango kidogo, akanitazama. Mara moja tu, na jicho lake halikuwa na hasira. Sasa alijua kwamba mkwe wake hakusema lolote asubuhi ile, na kwamba mimi ndimi niliyemfanya avue nguo bafuni kwa mkwe, kwa uongo wangu. Angeweza kusema. Alisema, "Ni mimi. Nilifungua mwenyewe. Uzee umenitoa akili."

Mama alikaa chini. "Mama, umeua watoto wangu," alisema. Yeye aliyejua bega lile, aliyemfunga kitambaa kila asubuhi, alisema hivyo.

Baba akaenda kuchukua nyundo na tindo. Alisema mahali mama mkwe ameoga hapawezi kubaki vile vile, lazima pabomolewe, hiyo ndiyo mila. Akaniita nishike ndoo ya vipande. Alipiga magoti bafuni, lakini kabla ya kupiga kigae aligonga kwanza kwa mpini, akitega sikio. Kingine alikiacha. Kingine alikivunja. Nilidhani anasikiliza pale ile laana ilipoingilia. Nilidhani chira ina sauti, na watu wazima wanaijua. Nikawa nahesabu ni vigae vingapi imeingia.

"Peleka hizi nje," alisema ndoo ilipojaa. "Pitia mlango wa jikoni."

Kulikuwa na njia nyingine, fupi zaidi, ya kwenda shimo la taka. Alitaka nipite pale. Nilipita mara tatu, na kila mara Dani alikuwa amekaa kwenye godoro, kidonda kimeoshwa vizuri, kisafi kuliko siku zote, akisikiliza nyundo. Mara ya tatu akanyoosha mkono. "Nipe moja."

Nikampa kipande. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma yake. Nyuma palikuwa pasafi. Hapakuwa na simiti hata ya kushika kucha. Akaomba kingine, akakigeuza, nacho safi. Dani akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani.

"Baba yako ni fundi," aliniambia.

Nilifikiri anamsifu. Nilifikiri amemsamehe, na kwamba mambo yatakuwa sawa.

Kesho yake asubuhi Mama alimpeleka kituoni na begi lake. Hakuna aliyemwambia "nenda". Alijua mwenyewe, akibaki nami nikiumwa, atakuwa ameniua. Alinibusu utosini, akanong'ona, "Kula vizuri. Ukikohoa, mwambie mama yako haraka." Hakusema neno jingine juu ya jambo lile. Wiki ile ile Baba alivuta boksi kutoka chini ya kitanda, akabandika safu ya chini upya, na safari hii vigae vilishiba vyote. Wageni wa ofisini wakaja. Walisifu sana. Mmoja aliuliza kile chuma ni cha nini, Baba akasema ni cha taulo.

Mguu wa Dani ulikatwa, na haikusaidia. Kufikia Krismasi hatukuwa naye tena. Kwenye mazishi nilikohoa kwa sababu ya vumbi, na Mama akanitoa pale akikimbia, akanikamulia majani machungu, dawa ya chira, mdomoni mbele ya watu, akilia. Nilikunywa yote. Niliyataka.

Sasa ni zamu ya Baba. Mama ametangulia, na Baba amepigwa na kiharusi, mkono wa kushoto umelala na mguu anauburuta. Amekuja kwangu kwa ajili ya mazoezi hospitalini. Miezi mitatu, wamesema, akivumilia. Siku ya kwanza tu, kabla ya kuketi, aliuliza, "Bafu iko wapi?"

"Baba, hii ni bafu ya mkwe wako," nilimwambia. "Si hiyo ni mwiko?"

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Hizo ni mambo za zamani, nyathina. Siku hizi tuko na Yesu." Kana kwamba wakati ule tulikuwa na nani. Si aliimba nyimbo zake huku akibandika?

Basi nikamtengenezea. Chuma, mkeka wa vitundu, stuli ya plastiki, vigae vyeupe, njiti za kiberiti katikati. Msiniulize kama ni mapenzi. Nilikuwa na hasira, lakini kile kilicholia utupu nilikibandua, nikakijaza simiti, nikakirudisha.

Jana ndiyo alioga humo mara ya kwanza. Nilimketisha, nikamsugua mgongo. Akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kigae baada ya kigae, akitega sikio. Hata simiti haijakauka vizuri, yeye anagonga.

"Umejua kazi," alisema. "Hakuna hata moja inalia."

Nikasema, "Baba, ni mimi nilifungua. Siku ile ya Dani. Nilimdanganya kwamba umesema aingie."

Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka yote. Nilidhani likitoka ukuta utaanguka.

"Nilijua," alisema Baba.

"Ulijua?"

"Stuli ulikuwa umeiacha chini ya msumari. Yule mama na lile bega lake angefika aje?" Akajipaka sabuni kifuani. "Sukuma hiyo beseni kidogo."

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulimwacha aende?"

Alifikiria, nadhani alifikiria kweli, huku akiendelea kujipaka sabuni. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa kwa nini alihama nyumba, "Alikuwa amekaa sana."

Nikakaa nimechutama nyuma yake, kitambaa mkononi. Uti wake wa mgongo umetokeza siku hizi, ni mzee, ni mwepesi, hata mimi naweza kumbeba.

"Maji inapoa," alisema. "Ongeza ya moto."

"Baba," nikamwuliza, "wewe umekaa kwangu wiki ngapi sasa?"

Mkono wenye sabuni ukasimama. Alijaribu kugeuza shingo anione uso, lakini upande ule haugeuki. Nikachukua ndoo, nikaenda jikoni kuchemsha maji, na sikuharakisha.